Mauaji ya watoto tuyaite ya "kishetani"?

Wakuu, heshima kwenu. Mnakumbuka Njombe, mwishoni mwa 2018 hadi Januari 2019: watoto waliuawa, wengine wakakutwa wamenyofolewa viungo, na Serikali yenyewe ikayahusisha na ushirikina. Kuanzia kanisani hadi kwenye daladala za Mwanjelwa, Mbeya, watu walisema jambo moja: unyama wa kishetani.

Mimi napinga. Neno hilo linampa muuaji pa kujifichia. Si mmeshasikia mahakamani, "Shetani alinipitia"? Mtu kanoa kisu, kamvizia mtoto njiani, kaahidiwa hela, halafu eti shetani ndiye kapita! Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 196, haimjui huyo mpita njia. Inauliza kama uliua kwa nia ovu, basi. Na aliyetoa oda je? Mganga na tajiri wake wana namba za simu. Ukishasema "kishetani", upelelezi unaishia madhabahuni.

Wa Makambako: Mkuu, hapana. Mama amesimama mbele ya jeneza fupi vile, unataka alie kwa kutaja vifungu? Maneno ya polisi yabaki polisi. Kuna uovu ambao "ukatili" hauufikii, maana ukatili hata mwalimu wa viboko anao.

Mwinjilisti, Iringa: Naongezea hapo. Luka 22 inasema Shetani alimwingia Yuda. Lakini soma mbele kidogo, ole anaambiwa nani? Yuda, si Shetani. Kuita tendo la kishetani hakumtoi mtu hatiani hata chembe.

Mwanzisha mada: Asante mtumishi, ila umeacha vipande 30 vya fedha. Yuda tunamhubiri kila Pasaka, waliomlipa tunawapitia juujuu. Ndiyo hoja yangu hiyo.

Wa Mbozi: Nyie mnabishana juu ya muuaji, huku kwetu neno hilo linawaangukia wasiohusika. Ikitokea misiba miwili mfululizo, kijiji "kina mambo ya kishetani", vijana wanachangisha kaya kwa kaya kumleta lambalamba, yule mganga anayejidai kufichua wachawi. Anakunywa pombe, anachimba mlangoni kwa bibi mjane, anaibuka na pembe ambayo mimi nasema aliingia nayo mfukoni. Bibi anahama usiku. Mwenyekiti wa kijiji yupo, anatazama. Sasa hapo mwenye ushetani ni nani, bibi, lambalamba au sisi tuliotoa mchango?

Wa Makambako: Mwenyekiti kwanza.