Sainasi inayorudi kila mara: dawa au upasuaji wa kamera? Tupeane uzoefu

Wadau, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar. Mwaka jana sainasi, yaani uvimbe wa vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, imenilaza mara 5. Inaanza kama mafua ya kawaida, siku ya nane nasema yanaisha, kumbe ndiyo yanageuka: makamasi mazito ya kijani, shavu la kulia linauma mpaka kwenye meno, na nikiinama kuokota chaki uso unakuwa mzito kama umejazwa mchanga. Kila nikienda naandikiwa antibayotiki, napata nafuu, baada ya miezi miwili niko palepale. Sasa daktari wa pua, masikio na koo kaniambia nifikirie upasuaji wa kamera, ile inayopitishwa puani. Naogopa, na nimechoka pia. Mliofanyiwa na mliopona kwa dawa, naombeni mseme mlivyopitia.

Mdau wa Arusha:
Pole sana mwalimu. Mimi nimepona bila kisu, ila si kwa antibayotiki. Miaka minne nilimeza dozi juu ya dozi, na mfukoni sikosi kichupa cha matone ya kuzibua pua. Yale matone yakizidi siku 5 hivi, pua inayazoea na inaziba kuliko mwanzo. Mimi niliyatumia mwaka mzima! Usiku yakiisha, nalala nimekaa.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja kijana aliyekaa na mimi kunielekeza. Kwanza kuosha pua asubuhi na jioni: glasi ya maji yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Unainama kwenye beseni, unapumua kwa mdomo, maji yanaingia tundu hili yanatokea lile. Maji ya bomba ambayo hayajachemka usithubutu. Pili, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe. Zamani nilikuwa napuliza kuelekea katikati, pua inatoka damu, naacha. Akanishika mkono: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ielekee sikioni, usivute kwa nguvu. Mabadiliko niliyaona wiki ya tano. Naumia nikisikia watu wameitupa wiki ya kwanza.

Dada wa Mombasa:
Yangu mimi yalikuwa mengine. Nina pumu, na pua zote mbili zilijaa nyama, zile madaktari waita polipu. Miaka mitatu sikusikia harufu ya kitu. Siku moja samaki waliungua jikoni, moshi umetanda, nami nimegeuka naosha vyombo sina habari. Mwanangu ndiye aliyepiga kelele.

Dawa nilizitumia sawasawa, hazikutosha. Kwenye picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, penye hewa huwa peusi. Yangu ilikuwa kijivu kila pembe. Nikapigwa nusu kaputi, vyombo vikapita puani, usoni hapana hata mkwaruzo. Maumivu yavumilika. Kazi iko baadaye: magamba ya damu puani, kuosha pua kutwa, kurudi kliniki kusafishwa. Siku ya kumi na mbili nikasikia harufu ya iliki kwenye chai. Nililia, wallahi.

Kisha nikajiona mzima, nikaacha kupuliza. Baada ya miaka miwili nyama zikaanza kurudi. Kwa hivyo mwalimu, usidhani ukipasuliwa umeagana na dawa. Upasuaji wafungua njia, dawa ipate kufika.

Mdau, Minnesota:
Mimi nilifanyiwa ile ya kupanua njia za sainasi kwa puto, huku Marekani. Sikuwa na nyama, tatizo ni vile vitundu vya kutolea uchafu kuwa vyembamba, kila mafua yakija vinafunga. Nilikuwa macho, wakatia ganzi puani, kijiputo chembamba kikaingizwa, kikajazwa sekunde chache, kikatolewa. Unasikia mfupa unalia ndani ya kichwa, kra kra, kama unakanyaga maganda makavu ya mahindi. Siku ya tatu nilikuwa kazini. Ila puto halitoi nyama wala halinyooshi pua iliyopinda ndani, kwa hiyo si la kila mtu.

Mdau wa Dodoma:
Mwalimu, hilo shavu ni la kulia tu siku zote? Na unasikia harufu mbaya? Mimi nilitibiwa sainasi miaka mitatu, upande mmoja, hakuna aliyenifungua mdomo. Kumbe ni jino la juu, gego, mzizi wake umeoza na uko jirani kabisa na tundu la sainasi. Likang'olewa, na ugonjwa ukaisha. Halafu wote mjue: jicho likivimba, ukianza kuona kitu kimoja kama viwili, au shingo ikikakamaa na homa, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Mwalimu:
Asanteni mno. Ndiyo, ni kulia tu, na harufu ipo, nilikuwa naona aibu kuisema. Kesho nakwenda kwa daktari wa meno, kisha naomba picha ya CT kabla ya kukubali chochote. Maji ya chumvi naanza leo. Dada wa Mombasa, ikibidi nipasuliwe, nitakaa siku ngapi bila kushika chaki?

Dada wa Mombasa:
Mimi nilipewa wiki mbili, mwalimu. Usipenge kamasi, usinyanyue ndoo, na chafya ikikujia, fungua mdomo.