Napima R hadi R kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo), kila pengo linanipa jibu lake. Niandike lipi?

Mwanagenzi_wodini: Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni. Nasomea utabibu, mwaka wa pili, niko wodini kwa mafunzo ya vitendo. Jana nilikabidhiwa ECG ya mama mtu mzima anayelalamika moyo kwenda mbio. Tulifundishwa kuhesabu maboksi makubwa kati ya ncha ya R moja (ile ncha ndefu ya kila pigo) na inayofuata, halafu 300 igawanywe kwa idadi hiyo. Pengo la kwanza maboksi 4, nikapata mapigo 75 kwa dakika. La pili mawili na nusu, 120. La tatu 5, 60. Mashine imeandika 88. Nimerudia mpaka macho yanauma. Naogopa kuandika uongo kwenye faili la mgonjwa.

Kasi25: Angalia kwanza pembeni ya karatasi kasi iliyoandikwa. Kama ni mm 50 kwa sekunde, hesabu yako inakuwa 600, si 300.

Mwanagenzi_wodini: Ni 25, mkuu.

Mama_Kadio: Mwanangu, hujakosea kupima. Tatizo ni kwamba umegawanya kabla ya kujua kama mapengo yanalingana. Kwa kasi ya 25, boksi dogo ni sekunde 0.04 na kubwa ni 0.2, kwa hiyo dakika nzima ina maboksi makubwa 300. Hapo ndipo 300 inapotoka, na inafaa pale tu kila pigo linapofuata mwenzake kwa muda uleule.

Chukua kipande cha karatasi nyeupe, ukilaze juu ya mstari mrefu wa lidi ya pili (upande mmojawapo ambao mashine inausoma moyo), utie alama kwenye ncha tatu za R zinazofuatana. Kisha kisogeze mbele. Alama zikiangukia kwenye R nyingine, mdundo umelingana. Zisipoangukia, achana na 300. Hesabu R zote ndani ya sekunde 10, yaani maboksi makubwa 50, uzidishe kwa 6.

Mwanagenzi_wodini: Nimefanya, mama. Alama hazikutani popote. R ziko 15, kwa hiyo 90. Kumbe mashine nayo imetoa wastani!

Tabibu_wa_zamu: Sasa tafuta wimbi la P (kilima kidogo) kabla ya kila QRS, yaani kundi la mawimbi lenye ile ncha ya R. Kijana mzima mapengo yake hufupika akivuta pumzi na kurefuka akitoa, ila P zake zipo. P zikikosekana na mapengo hayana mpangilio wowote, fikiria atria fibrileshani, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo. Hilo si la kuliweka hadi kesho, damu huweza kuganda ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Mwite daktari wako, na umsikilize mama kifuani kwa stetoskopu dakika nzima huku umeshika mkono wake. Mapigo mengine hayafiki mkononi.

Mwanagenzi_wodini: P sizioni. Kifuani nimehesabu 92, mkononi 81. Daktari ameshaichukua karatasi, yuko na mama sasa hivi. Kwenye faili nimeandika: takriban 90, mdundo haulingani, P hazionekani.

Mama_Kadio: Ongeza saa uliyopima.