Kozi ya kemia ogania ya wiki sita: nitangulize nini?

Mwanafunzi, Kisumu:
Hamjambo nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na katika likizo ndefu nitasoma kozi ya kemia ogania ambayo kwa kawaida huchukua muhula mzima, ila safari hii imebanwa katika wiki sita. Tangu sekondari ninajua kuzitaja alkani, alkeni na alkoholi, na vitendanishi vingi ningali navikumbuka. Kwa kuwa nimebakiwa na majuma machache tu, je, nianze kukariri mimenyuko?

Mkufunzi msaidizi, Njoro:
Ndugu yangu, mimenyuko iache kwanza. Sekondari uliulizwa kinatokea nini; chuoni utaulizwa elektroni zimetoka wapi na zimekwenda wapi, na hapo ndipo hata waliopata alama ya A hukwama. Jizoeze kuchora mishale iliyopinda, inayoonyesha mwendo wa elektroni, ukikumbuka kwamba mshale huanzia penye elektroni, yaani kwenye jozi huru (elektroni mbili zisizo katika bondi) au kwenye bondi, wala hauanzii kwenye chaji chanya.

Baada ya hapo, shughulikia asidi na besi mpaka zikukolee. Chukua ethanoli, ambayo pKa yake (kipimo cha ukali wa asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ni takriban 16, na asidi ya ethanoiki iliyomo katika siki, yenye 4.76. Zote mbili hutoa protoni kutoka kwenye oksijeni, lakini ya pili ni kali zaidi ya mara bilioni mia moja, kwa sababu chaji hasi inayobaki hugawanywa baina ya oksijeni mbili, ilhali katika ethanoli hubaki juu ya oksijeni moja. Ukiweza kulieleza hilo kwa mchoro, bila kutazama daftari, sehemu kubwa ya kozi itakuwa imeanza kufunguka.

Mwalimu wa kemia, Kakamega:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mishale, ila kusema ukweli, kukariri hakuepukiki; ninachopinga ni kukariri bila sababu. Kwa mfano, bromomethani hushambuliwa na nukleofili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni za kutoa, kutoka upande wa nyuma, na bromini ikaondoka katika hatua hiyo hiyo moja. Katika 2-bromo-2-methilipropani njia hiyo imezibwa na makundi matatu ya methili, kwa hiyo bromini hulazimika kuondoka kwanza ndipo nukleofili iingie. Andika jozi kama hizo kwenye kadi, swali upande mmoja na sababu upande wa pili.

Mwanafunzi, Kisumu:
Asanteni sana, walimu wangu. Na isoma, yaani molekuli zenye atomi zile zile zilizopangwa kwa namna tofauti, je? Picha za kitabuni huniwia vigumu kuzigeuza kichwani.

Mkufunzi msaidizi, Njoro:
Usizigeuze kichwani. Nunua plastisini ya rangi nne na njiti za meno, uunde kaboni yenye makundi manne tofauti, kisha uunde taswira yake ya kwenye kioo na ujaribu kuzilinganisha kwa mikono yako.

Mwalimu wa kemia, Kakamega:
La mwisho ni ratiba. Ikiwa muhula wa kawaida ni wa wiki 14, kila wiki yako itabeba kazi ya zaidi ya wiki mbili. Usichukue kibarua wala kozi nyingine kipindi hicho, na maswali ya kila somo yafanye jioni ile ile.