Kikundi cha Familia: Mtori wa Vallorcine

IJUMAA

[10:03] Dada Lyon: Wameondoka! Kitinda Mimba wetu ameanza mbio zake za milimani. Hapa Courmayeur, Italia, ni saa tatu asubuhi. Jua kali tayari, na mpando wa kwanza unaanzia hapa hapa mjini.

[10:05] Mama: Mungu amtangulie mwanangu. Hivi ni kilomita ngapi?

[10:06] Dada Lyon: Kama mia moja, Mama. Anatoka Italia, anavuka Uswisi, anamalizia Chamonix, Ufaransa. Inaitwa CCC, ni mdogo wake UTMB, ile mbio kubwa ya kilomita 170 na zaidi. Mipando ukiijumlisha yote inafika mita 6,000.

[10:09] Baba Mdogo: Kilimanjaro, kutoka geti la Marangu hadi kilele cha Uhuru, ni mita 4,000 tu, na wageni tunawapandisha kwa siku kadhaa. Huyu anapanda mara moja na nusu ya hapo kwa mchana mmoja na usiku mmoja. Amebeba chakula gani?

[10:10] Dada Lyon: Jeli, zile pakiti za sukari nzito za wakimbiaji. Moja kila nusu saa, na chupa mbili za maji. Vituoni kuna supu, mkate, jibini, ndizi na chokoleti.

[10:11] Kaka Arusha: Safi kabisa. Mimi Kili Marathon nilikwenda na jeli tu na nikamaliza vizuri.

[10:13] Baba Mdogo: Kilomita 42 zinaisha tumbo halijaanza kulalamika, mwanangu. Hii ni mpaka kesho asubuhi.

[15:40] Dada Lyon: Mtandao wa mbio unaonyesha amepita Arnouvaz. Sasa anapanda Grand Col Ferret, mita 2,537, mpaka wa Italia na Uswisi.

[15:52] Mama: 🙏🏾🙏🏾

[22:21] Dada Lyon: Jamani, mko macho? Niko Champex, Uswisi. Ni kituo cha kwanza ninachoruhusiwa kumhudumia. Amefika lakini hali si nzuri. Ametapika mara mbili tangu La Fouly. Akiona jeli tu anataka kutapika tena. Anatetemeka.

[22:22] Mama: Yesu wangu. Mpandishe basi mrudi. Medali ya nini?

[22:22] Kaka Arusha: Asikubali! Miguu ipo? Ajilazimishe jeli mbili na maji mengi, aondoke kabla hajapoa.

[22:23] Shangazi Nesi: Hapana, maji mengi asimpe mtu yeyote kwanza. Dada, nijibu haraka: vidole vimevimba? Saa ya mkononi inambana? Kichwa kinamuuma? Anajua yuko wapi?

[22:25] Dada Lyon: Vidole kawaida. Kichwa hakimuumi. Ananiambia mwenyewe Trient, kituo kinachofuata, ni kilomita ngapi kutoka hapa. Ila hajakojoa tangu mchana, na shati limejaa chumvi nyeupe.

[22:27] Shangazi Nesi: Nimepumua kidogo. Nilihofia kashindilia maji matupu mpaka sodiamu, yaani chumvi ya damu, ikashuka. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea maji unaweza kumuua, angekwenda moja kwa moja kwa madaktari wa kituo. Kwa unavyonieleza huyu amekauka. Mfunike kwanza, avue shati lililolowa. Na asimeze kidonge chochote cha maumivu, ile diklofenaki wala ibuprofeni. Figo zisizopata maji zinaumizwa na hivyo vidonge.

[22:28] Dada Lyon: Nimemvalisha sweta na koti. Kwa nini jeli zimekataa? Kwenye mazoezi alikuwa anazila bila shida.

[22:31] Shangazi Nesi: Alizila kwa saa ngapi, tatu? Leo ana saa kumi na mbili juani. Damu imekwenda kwenye miguu, na nyingine kwenye ngozi ili mwili upoe. Utumbo umebaki na damu kidogo, haufyonzi. Wewe unaendelea kumwaga sukari nzito humo. Sukari ile inavuta maji ya mwili kuyaingiza tumboni, tumbo linajaa, linarudisha. Hata mtu mzima wa afya, utumbo unapitisha kama gramu 60 za sukari ya glukosi kwa saa. Ukichanganya na fruktosi, sukari ya matunda, unafika 90, lakini kwa aliyezoesha tumbo lake kwa miezi, na ukiwa na damu ya kutosha tumboni.

[22:32] Kaka Arusha: Hili la damu sikulijua. Basi nafuta la jeli mbili.

[22:34] Baba Mdogo: Mwanangu, nisikilize. Usiku wa kutoka Kibo kwenda kileleni, mgeni akikataa chakula hatumlazimishi. Tunamkalisha mpaka moyo utulie, ndipo tunampa kitu cha moto, funda moja moja. Kaa naye dakika ishirini. Usimuulize kuhusu kumaliza. Kituo kina chai?

[22:35] Dada Lyon: Ipo. Na mchuzi wa supu wenye tambi.

[22:36] Baba Mdogo: Chai yenye sukari, anywe nusu kikombe. Funda, subiri, funda. Ikikaa, mpe mchuzi bila tambi.

[22:37] Shangazi Nesi: Na unazo zile pakiti za ORS nilizokupa ulipokuja likizo?

[22:38] Dada Lyon: Zimo kwenye begi!

[22:38] Shangazi Nesi: Moja kwenye lita nzima ya maji, usipunguze maji. Ajaze chupa zake hiyo.

[22:40] Mama: Kwa hiyo mnamwacha aendelee? Usiku? Peke yake mlimani?

[22:42] Shangazi Nesi: Wifi, si peke yake. Ana wenzake mbele na nyuma, taa ya kichwani, blanketi la dharura, na filimbi, maana ni lazima kubeba. Asipokojoa au akitapika tena hata mchuzi, nitakuwa wa kwanza kusema apande basi.

[23:04] Dada Lyon: Vikombe viwili vya chai na kimoja cha mchuzi. Vimekaa. Amekojoa, mkojo wa rangi ya chai lakini umetoka. Kanyanyuka mwenyewe. Kaondoka akitembea.

[23:05] Baba Mdogo: Atembee hivyo hivyo mpaka juu La Giète. Tumbo haliwezi kufanya kazi moyo ukigonga koo.

[23:06] Mama: Silali mimi.

JUMAMOSI

[02:58] Dada Lyon: Trient! Amekula tambi zote na kipande cha mkate. Hajatapika. Uso umerudi.

[02:58] Mama: Asante Yesu!!

[02:59] Baba Mdogo: Sasa ndiyo umpe kitu cha kutafuna kila anapokaa. Viazi vya chumvi vipo?

[03:01] Dada Lyon: Nimemwekea vitatu mfukoni. Na Vallorcine namngoja na mtori. Nilipata ndizi za kupika Lyon, nikaupika jana kwenye chumba tulichopanga, upo kwenye chupa ya chai.

[03:02] Shangazi Nesi: Umetia maziwa? Siagi?

[03:02] Dada Lyon: Hapana. Ndizi, nyama bila mafuta, kitunguu, chumvi. Nimeuponda mpaka umelainika.

[03:03] Shangazi Nesi: Vizuri. Mafuta yangekaa tumboni muda mrefu. Hapo una wanga, chumvi na maji kwa pamoja, na hahitaji kutafuna.

[06:37] Dada Lyon: Vallorcine, Ufaransa. Amekunywa bakuli mbili za mtori akiwa amesimama, Mwitaliano mmoja akauliza ni nini, nikampa kikombe. Umebaki mpando mmoja mkubwa.

[06:38] Kaka Arusha: Muda je?

[06:38] Dada Lyon: Anao. Mwisho ni chini kidogo ya saa 27.

[11:12] Dada Lyon: AMEMALIZA!!! Chamonix watu wanapiga kengele na kumwita jina lake! Mama, analia, na mimi nalia.

[11:12] Mama: Mwanangu! Mwanangu! Mpeni simu!

[12:30] Kitinda Mimba: Shikamooni nyote. Pale Champex nilikuwa naogopa chakula kuliko mlima. Asanteni sana. Baba Mdogo, nataka kurudi mwakani. Nianzie wapi?

[12:34] Baba Mdogo: Marahaba mwanangu, hongera sana. Anza na tumbo. Kila mazoezi marefu kula njiani: viazi, uji, mtori, jeli chache. Ongeza kidogo kidogo, na ufanye mengine saa za jua kali.

[12:35] Shangazi Nesi: Hayo baadaye. Mkojo wa sasa una rangi gani? Ukiwa mweusi kama soda ya kola nenda hospitali leo leo, hiyo ni misuli imeharibika inaziba figo.

[12:37] Kitinda Mimba: Njano, Shangazi. Nimetoka kuangalia sasa hivi.

[12:37] Shangazi Nesi: Haya, kula wali na ulale. Ukiamka niandikie tena.