Rada inasema shamba limelowa, jembe linasema vumbi. Nishaurini

Mpimaji_Njoro: Wadau, kila Jumatatu natuma kwa kikundi cha wakulima huku Njoro esemesi ya unyevu wa udongo, nikisoma picha za satelaiti ya rada, Sentinel-1. Picha ya mwisho inasema mashamba yameshika maji. Jana nimeenda na jembe: vumbi. Nikiufinya udongo haushikani, unamwagika vidoleni kama unga. Nitumie fomula gani hesabu ikubaliane na shamba? Haraka tafadhali.

MamaViazi: Fomula ya nini na jembe limeshajibu? Nimelima viazi Molo miaka 18, kipimo changu ni kisigino. Kuna kijana alituuzia kifaa cha kuchomeka ardhini, siku hizi kuku wanalala juu yake.

Jirani_wa_Ahero: Huku ni kinyume. Mpunga mchanga ukiwa majini, picha inatoka nyeusi tii. Maji yaliyotulia ni kama kioo, mawimbi yanateleza yanaenda zake. Nilishawahi kuripoti shamba kavu, kumbe vyura wanaimba 😂

FundiRamani: Mpimaji, mashamba yalilimwa lini?

Mpimaji_Njoro: Sioni hilo linahusu nini.

FundiRamani: Lini?

Mpimaji_Njoro: Trekta ilipita kati ya picha mbili za mwisho. Lakini rada haidanganyi.

FundiRamani: Ndiyo hapo sasa. Rada haioni maji, inasikia mwangwi. Udongo ukilowa mwangwi hupanda, kweli, lakini na madongoa ya plau huupandisha vilevile. Wimbi la Sentinel-1 lina sentimita 5.6 hivi, dongoa la ukubwa wa ngumi linalitawanya kila upande. Umesoma madongoa ukayaita mvua. Bila vipimo vya shambani fomula haikuokoi. Jaza mkebe unaojua ujazo wake kwa udongo wa sentimita 5 za juu, pima kwa mzani, kausha kwa nyuzi 105 siku nzima, pima tena. Unavyo vipimo vingapi vya hivyo?

Mpimaji_Njoro: Nilipanga kuchukua.

Mzee_Kofia: Vijana wa leo! Unalipwa kupima, unapima ukiwa kitandani.

Mpimaji_Njoro: Sawa, niseme yote. Esemesi ya wiki hii ilisema "Pandeni." Watu 32 wamepanda. Mwenyekiti ni baba mkwe, ndiye aliyenitafutia kazi. Nilitaka kushusha namba kidogo kabla ya kikao cha Jumamosi, niseme satelaiti ilikuwa na hitilafu. Si uongo sana. Na mvua yaweza kunyesha.

Jicho_Kali: Hii ni hekaya. Satelaiti moja hurudi njia ileile baada ya siku 12, wewe unatuma esemesi kila wiki. Wiki za katikati ulikuwa unasoma viganja? Ngojeni, sasa hivi ataleta nambari tumchangie.

Mpimaji_Njoro: Katikati nilikuwa nakisia, naunganisha namba za picha mbili kwa mstari. Na sijamwomba mtu shilingi.

FundiRamani: Kwa mstari 🤦🏾

MamaViazi: Mwacheni. Wewe, ni mahindi? Mbegu iliyo kwenye vumbi haijafa, tunapanda hivyo miaka yote. Kinachoua ni manyunyu ya siku moja: inachipua halafu jua linaikaanga. Mpigie baba mkwe leo, mwambie ni trekta, asisikie kwa wengine. Wamefukia kina gani?

Mpimaji_Njoro: Vidole vitatu. Nimempigia, simu yake iko mteja.

Jicho_Kali: Mteja! Si niliwaambia.