Mrejesho: Nimefika Namugongo kwa mguu

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza nibebe nini kutembea kutoka Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, hadi kwenye madhabahu ya Namugongo karibu na Kampala kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Nimefika, asanteni.

Mliosema punguza mzigo mlikuwa sahihi, nilibisha nikabeba kilo 11, kufika Masaka mabega yamechubuka nikagawa jinzi mbili na blanketi. Ila kosa kubwa ni raba mpya, pale Lwera, mbele ya Masaka, kisigino kina lengelenge kama gololi, ikabidi nivae ndala na soksi mpaka nikavuka ikweta Kayabwe hivyohivyo, watu wanacheka. Mafuta ya mgando miguuni kila asubuhi ndo yaliniokoa. Koti la mvua sijalitoa hata siku moja. Kucha mbili zimeng'oka, mwakani naenda tena.