Wameniita Dar nijitolee bila posho. Wakuu, niende?

Mkata_Stika
Wakuu, habari za kazi. Niko Mwanza, nadizaini kwenye steshenari moja karibu na Mwaloni, Kirumba. Kadi za harusi, mabango ya kipaimara, stika za mitumbwi, lebo za dagaa. Chuo sijasoma, Corel (programu ya kudizaini) nimefundishwa na bosi hapo hapo dukani.

Kampuni moja ya matangazo Dar imeona kazi zangu Instagram. Usaili wa video ulienda vizuri mpaka mama mmoja akauliza ubunifu nimesomea wapi. Nikasema Kirumba. Wakacheka (si kwa ubaya, nadhani). Wamenikubali: miezi 6 ya kujitolea, posho hakuna, nije na laptopu inayobeba programu za kudizaini za Adobe. Ninayotumia ni ya duka.

Dar sina ndugu. Wenzangu tuliochaguliwa wako kwenye grupu, wanapanga kupeana lifti kutoka Mikocheni na Mbezi Beach. Mimi huku Igoma nina mdogo wangu kidato cha tatu. Ada imefutwa sawa, ila sare, daftari na nauli ni juu yangu. Mnanishauri nini?

Dada_Fonti
Mdogo wangu, mimi nilitoka Nyakato nikaenda, nikalala sebuleni kwa watu Mbagala. Kazi niliiweza. Kilichonishinda ni lanchi. Wanakwambia "twende tukale", sahani moja Masaki inamaliza nauli yako ya wiki. Ukikataa kila siku wanasema hujichanganyi, na kazi nzuri zinagawiwa pale pale mezani. Waulize kwa maandishi: kundi lililopita wameajiri wangapi? Wakizungukazunguka, baki kwako.

Wino_Mweusi
Acheni kulia lia. Programu zipo: Inkscape ni ya bure, Figma nayo unaanza bure. Kila mtu alianzia chini.

Dada_Fonti
Kaka, hiyo Inkscape inalipa kodi ya chumba?

Fundi_Mabango
Mimi nachapisha, niko mjini hapa. Mafaili yanayotoka kwenye ofisi kubwa nayaona: yamekuja RGB (rangi za skrini, si za kuchapia), fonti hazijaambatanishwa, blidi (ukingo wa ziada wa kukatia) hakuna. Nyekundu ya kwenye skrini inatoka imefifia kama tofali, halafu lawama kwa mchapaji. Kijana aliyekaa na mashine anajua kuacha zile milimita 3 za kukatia. Hizo lebo ziweke Behance (mtandao wa kuonyeshea kazi za ubunifu), na picha ya pakiti ikiwa mezani kwa muuzaji, ueleze kwa nini ulipanga hivyo. Ila bila mshahara usihame. Omba ufanye ukiwa Mwanza.

Mkata_Stika
Asanteni sana. Nimewaandikia yote mawili, idadi ya walioajiriwa na kufanyia huku. Tiki za bluu zipo, jibu bado. Fundi, lebo moja ina kisa: nilichora samaki mkubwa ipendeze, mwenye mzigo akagoma, "mteja atadhani namuuzia sangara". Hilo nalo niliandike?

Na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 16, hapa mjini naipata wapi bila kupigwa?